Mlelewa Hasemi Kabla ya Mlezi

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Wenyewe wameniomba niliseme jambo hilo mapema, tena kwa sauti, nami nikiwa mwalimu niliyefunzwa chuoni kutii maelekezo kabla ya kuuliza maswali, nimelisema. Ina rais, ina bendera, ina bwawa kubwa na chuo kikuu kimoja, lakini haipo.

Katika chuo kikuu hicho mimi nilikuwa Mratibu wa Ratiba. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mhadhara unaanza pale ulipopangiwa kuanza na kuishia pale ulipopangiwa kuishia. Yaliyosemwa katikati hayakunihusu. Nimewahi kuwashukuru wakubwa wangu kwa mgawanyo huo wa majukumu, na bado ninawashukuru.

Mambo yalianza walipokuja wageni wa kukagua vyuo. Wageni hao walizunguka, wakanywa chai, kisha wakatamka kwamba wahadhiri wetu wote walizaliwa kwenye kilima kimoja, yaani Kilima cha Waasisi, alikozaliwa pia Mheshimiwa Rais. Tulishangaa sana. Mtu akiishi muda mrefu na watu wa kilima kimoja hudhani dunia nzima ina mteremko.

Makamu Mkuu wa Chuo hakupoteza muda. Alituita ukumbini, akapanda jukwaani na joho lake jekundu, akasema:

"Ndugu wanataaluma! Kuanzia leo chuo hiki ni bustani yenye maua ya kila rangi. Tutaajiri mhadhiri kutoka kila kanda ya nchi. Na ili maua haya machanga yasiyumbishwe na upepo, kila ua litafungwa kwenye kijiti!"

Tulipiga makofi. Sikusikia ua lolote likiulizwa kuhusu kamba.

Basi ikazaliwa Sera ya Wingi. Wahadhiri wapya walikuja, mmoja kutoka kila kanda, na kila mmoja alipewa kofia ya asili ya kwao ya kuvaa siku za wageni. Baadhi ya kanda hazikuwa na kofia ya asili, kwa hiyo Kamati ya Mavazi ilizibunia. Kanda ya Chini ilipewa kofia yenye manyoya ya bata. Ilipobainika kwamba watu wa Kanda ya Chini hawafugi bata, kamati haikuona aibu kurekebisha kosa: iliwaagiza waanze kufuga.

Vijiti navyo vilipatikana. Viliitwa walezi. Kila mhadhiri mgeni alipewa mlezi mmoja, profesa mzoefu wa Kilima cha Waasisi, wa kumsaidia, kumwelekeza na kumkomaza. Ili upendeleo usipate nafasi, kila profesa alipangiwa mlelewa wa taaluma asiyoifahamu hata kidogo.

Na ulezi wetu ulikuwa na desturi moja, ambayo ndiyo nguzo ya simulizi hili. Iliitwa kutanguliwa. Mlelewa hasemi jambo hadharani kabla mlezi wake hajalisema. Mlezi akishalisema, mlelewa huinuka na kutamka, "Kama alivyotangulia kusema mlezi wangu," kisha hulirudia. Desturi hii ilitoka kwenye vikao vya wazee wa Kilima, ambako kijana hakuthubutu kutangulia kuona hata moshi. Sisi tuliihamishia chuoni bila kuikata popote.

Mhadhiri wa historia ndiye aliyeijaribu kwanza. Akiwa barazani mbele ya wanafunzi alisema, "Loo, mvua inanyesha," ilhali mlezi wake alikuwa bado anafunga kamba za viatu. Kesho yake mlango wa ofisi yake ulikuwa na kitasa kipya. Tuliambiwa amekwenda likizo ya kutafakari. Bila shaka alikuwa mtu wa fikra ndefu, maana mpaka ninapoandika haya hajamaliza.

*

Kanda ya Chini ilituletea Dokta Nyamizi Ndaturu, mtaalamu wa miamba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye tabia ya kugonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemwamini. Mlezi wake alikuwa Profesa Sempundu, bingwa wa itifaki, mzee mnene, mpole, mwenye macho ya mtu aliyezoea kusubiri wakubwa.

Niliwapangia ukumbi mzuri wenye madirisha. Mhadhara wao ulikwenda hivi. Profesa Sempundu alisimama mbele ya wanafunzi, akakohoa, akasema, "Jiwe ni gumu." Dokta Nyamizi akainuka: "Kama alivyotangulia kusema mlezi wangu, jiwe ni gumu." Profesa akafikiri. "Jiwe ni zito." Dokta Nyamizi akarudia. Kufikia mwisho wa muhula wanafunzi walikuwa wamejifunza kwamba jiwe ni gumu, ni zito, halifai kutupwa ovyo, na lipo la kusagia. Wote walifaulu.

Katika chumba cha chai Dokta Mushobozi wa hisabati, aliyetoka Kanda ya Ziwani, alimtania.

"Dada Nyamizi, wewe una bahati. Mlezi wangu mimi ni mtu wa muziki. Tumehesabu hadi nne, naye anaona inatosha."

"Mushobozi, hisabati inaweza kusubiri," akajibu Dokta Nyamizi. "Ufa hausubiri."

Mushobozi akaacha kutabasamu. "Ufa gani?"

Dokta Nyamizi alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nachovya mkate kwenye chai, na uso wangu, nadhani, ulikuwa uso wa mtu asiyehusika.

"Ukuta wa Bwawa la Umoja," alisema taratibu. "Nimekwenda kuugonga. Upande wa mashariki umepasuka kutoka juu hadi chini, na maji yanajipenyeza kwenye msingi. Mvua kubwa zikija, hautafika mwisho wa masika. Na chini yake upo Mji wa Chini. Mama yangu yupo pale. Watu wote wa kwetu wapo pale."

"Basi waambie!"

"Nani ametangulia?" akauliza.

Nje mawingu ya kwanza ya masika yalikuwa yamekaa juu ya paa la maktaba, meusi, yasiyo na haraka.

*

Alimwendea mlezi wake. Niliyasikia mazungumzo hayo kwa kuwa nilikuwa ofisini kwa Profesa nikibandika ratiba mpya, na sikufukuzwa. Watu hawafukuzi ratiba.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Keti. Chai?"

"Profesa, ukuta wa bwawa una ufa. Naomba ulitangulie neno hilo, mara moja tu, mahali popote penye kipaza sauti. Mengine nitayasema mimi."

Profesa Sempundu aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Ufa. Neno hilo lina makali, binti. Tungesema mstari?"

"Mstari hauvuji, Profesa."

"Alama ya ukuaji, basi. Hata ngozi ya mama mjamzito hupata mistari, na watu hufurahi."

"Watu watakufa, mlezi wangu."

Nilimwona mzee akiutazama mkono wake mwenyewe juu ya meza kama mkono wa mtu mwingine.

"Sikiliza, Nyamizi," alisema kwa sauti ya chini. "Unadhani mimi ninasema nipendavyo? Mimi hutanguliwa na Makamu Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu hutanguliwa na Waziri. Waziri hutanguliwa na Yule. Na Yule huko juu anasubiri aletewe habari kutoka chini. Ndivyo tulivyojipanga. Nimeifundisha itifaki hii maisha yangu yote, na sijawahi kuiona ina tundu."

"Kwa hiyo hakuna anayeweza kuanza."

"Ni mpangilio mzuri sana," akasema Profesa, na sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Jioni ile Dokta Nyamizi alimpigia mama yake simu. Alikuwa amesimama chini ya dirisha langu, nami sikuwa na sababu ya kulifunga.

"Mama, hama. Nenda kwa mjomba mlimani."

Mama yake alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuitana ng'ambo ya mto. Simu haikuweza kuizuia. "Redio imesema nini?"

"Redio haijasema kitu, mama. Ninasema mimi."

"Basi hatari haijafika. Mwanangu, usinifundishe nchi hii, mimi nimeanza kukaa humu kabla yako. Waliposema sukari ipo tele, nilikwenda kutafuta asali, na kweli sukari ikapotea. Waliposema hakuna kipindupindu, nilichemsha maji. Siku redio itakaposema hakuna hatari yoyote, hapo nitafunga virago. Sisi wote huku ndivyo tunavyoishi. Kabla ya hapo, niache nipike."

Simu ilikatika. Dokta Nyamizi alibaki amesimama na simu mkononi. Kisha, jambo ambalo sikulielewa wakati ule, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake.

*

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Profesa.

"Mlezi wangu, nimekosea. Sitaki tena useme kwamba kuna ufa. Lakini watu wananong'ona. Je, isingefaa uvikanushe vijineno hivyo?"

Uso wa Profesa Sempundu ulifunguka kama dirisha. "Kukanusha! Binti, hapo umekomaa! Kukanusha hakuhitaji kutanguliwa na mtu, kwa sababu aliyekanusha hajasema kitu. Hata Yule hulipenda kanusho. Ila lisiwe refu."

"Kanusho fupi huonekana lina wasiwasi, Profesa. Tukanushe kila kitu, kimoja kimoja, wasibakiwe na pa kushika."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa amewatumikia wakubwa wengi, na nadhani masikio yake yalikuwa makali kuliko alivyoyaonyesha.

"Kimoja kimoja," alirudia polepole. "Haya. Wewe niambie cha kukanusha, mimi nitakikanusha."

Redio ya Chuo, inayosikika nchi nzima kwa kuwa stesheni nyingine zote huazima sauti yake, iliwapa nafasi katika kipindi cha mchana kiitwacho Maua ya Bustani Yetu. Niliwapangia mimi. Profesa Sempundu alizungumza kwa sauti nzito na ya kutuliza:

"Ndugu wananchi, si kweli kwamba ukuta wa Bwawa la Umoja una ufa upande wa mashariki. Si kweli kwamba maji yanapenya kwenye msingi. Hakuna sababu yoyote ya wakazi wa Mji wa Chini kuhama kabla giza halijaingia. Si lazima kuanza na wagonjwa na watoto. Wala si kweli kwamba njia salama ni ile ya kupandia machimbo ya chokaa, na kwamba daraja lisitumike kwa kuwa nguzo zake zimelegea."

Kisha Dokta Nyamizi: "Kama alivyotangulia kusema mlezi wangu, hakuna hatari yoyote. Mama, kama unanisikia, hakuna hatari yoyote."

Walioshuhudia wanasema kwamba Mji wa Chini ulikaa kimya kwa muda wa mtu kufunika chungu. Halafu milango ikaanza kufunguka. Walitoka wagonjwa kwanza, wakibebwa kwa machela za vitanda, wakafuata watoto, wakafuata mbuzi na hao bata walioagizwa na kamati. Hakuna aliyepita darajani. Kabla ya machweo hapakuwa na mtu chini ya ukuta ule isipokuwa kipofu mmoja mbishi, naye alirudiwa na wajukuu zake wakamchukua akiwatukana.

*

Serikali ilifadhaika. Haikuwa imewahi kutiiwa kwa ukamilifu kiasi hicho, na haikujua imeagiza nini. Gazeti liliandika kwamba wananchi wa Mji wa Chini wamepanda mlimani kupunga upepo. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo.

Makamu Mkuu alituita tena ukumbini. Joho lilikuwa limelowa mabegani.

"Kuna watu," alisema, "wamelisikia kanusho letu kwa masikio machafu. Tutawajibu kwa vitendo! Siku ya Wingi mwaka huu haitafanyika hapa chuoni. Itafanyika katika uwanja wa michezo wa Mji wa Chini, chini kabisa ya ukuta wetu imara. Wahadhiri wa kanda zote watahudhuria na kofia zao. Walezi wote watahudhuria. Waziri mwenyewe atakuja kukaa katikati yetu. Dunia itaona!"

Tulipiga makofi, ingawa si kwa pamoja.

Dokta Nyamizi alimfuata mlezi wake kwenye ujia. "Profesa, usiende. Ugua. Nitasema ni tumbo."

"Nani ametangulia kuugua?" Mzee alitabasamu kidogo. "Nimekwisha kukanusha, binti yangu, tena kimoja kimoja. Mtu akikanusha, hulazimika kwenda kukaa ndani ya kanusho lake. Hiyo ndiyo itifaki."

"Ulijua, Profesa? Siku ile, ulijua ninachokufanyia?"

Alijibu akirekebisha kola yake. "Mimi ni mlezi wako. Hukunifanyia kitu. Nilikutangulia."

*

Sherehe ilianza kwa wakati, na hilo ninalisema kwa fahari. Jukwaa lilijengwa juu, likafunikwa kwa zulia, na hapo waliketi walezi wote na Makamu Mkuu. Kiti cha Waziri kilikuwa kitupu. Waziri alikuwa ametuma salamu kwamba yu njiani, na baadaye salamu kwamba bado yu njiani. Walelewa waliketi chini, kwenye viti vya plastiki juu ya nyasi, na manyoya ya kofia zao yalikuwa yamelala kwa mvua. Nyuma yao ukuta ulisimama mrefu na wa kijivu, na kutoka upande wa mashariki ulitoa sauti ambayo sikuipenda, sauti ya mtu anayesaga meno usingizini.

Mimi nilisimama pembeni na ratiba.

Makamu Mkuu alipokuwa anaingia sehemu ya hotuba yake iitwayo Misingi Yetu, niliona maji. Hayakuja kwa kishindo. Yalitokeza kwenye nyasi kama jasho, yakafunika soli za viatu vya safu ya mbele, kisha safu ya pili. Dokta Mushobozi aliinua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha majini taratibu. Dokta Nyamizi alikuwa ameketi wima. Wote waliyaona. Hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka, kwa kuwa jukwaani palikuwa pakavu na hakuna mlezi aliyekuwa ametangulia kulowa.

"Msingi wa taifa hili," Makamu Mkuu alikuwa anasema, "ni mkavu, ni thabiti, ni wa kudumu!"

Profesa Sempundu aliketi mwisho wa jukwaa, juu kidogo ya mlelewa wake. Nilimwona akiinama. Aliitazama miguu ya binti yule ndani ya maji. Aliyatazama maji yakipanda kwenye pindo la gauni lake. Kisha mzee yule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusema hata habari za asubuhi kabla hajaambiwa ni asubuhi, alisimama, akashika kipaza sauti cha akiba, akasema kwa sauti iliyojaa uwanja mzima:

"Maji yameingia."

Makamu Mkuu alikatiza hotuba.

Dokta Nyamizi alikuwa amekwisha kusimama. "Kama alivyotangulia kusema mlezi wangu, maji yameingia!"

"Kama alivyotangulia kusema mlezi wetu!" akapaza Mushobozi, na wengine wote wakainuka, kanda kwa kanda, wakilitamka neno lile mmoja baada ya mwingine. Sikuwa na kipengele cha jambo hilo kwenye ratiba, lakini neno lilikuwa limetanguliwa kihalali, na kazi yangu ilikuwa kuongoza watu. Niliwatoa safu ya mbele kwanza. Hawakusukumana. Nilifurahishwa na nidhamu yao.

Dokta Nyamizi alikuwa wa mwisho. Alirudi hadi chini ya jukwaa, maji magotini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shuka, Profesa! Shuka nikushike!"

"Makamu Mkuu hajashuka," akasema mzee.

"Mwache! Baba, shuka!"

Nilisikia vizuri. Alimwita baba. Profesa Sempundu aliweka kipaza sauti chini, akainama kama anayetaka kumnong'oneza, akamsukuma bega kuelekea kwetu, si kwa ukali.

"Nenda," alisema. "Tayari nimekutangulia vya kutosha."

Mushobozi alirudi akamvuta. Tulipanda kwa njia ya machimbo ya chokaa, kofia zikibaki nyuma zikielea. Watu wa Mji wa Chini walikuwa juu, wamejipanga kingoni kimya kimya, na mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa alikuwa anaita jina moja tu, akiliita tena na tena, mpaka mwenye jina alipomfikia.

Kutoka pale juu tuliwaona walezi bado wameketi jukwaani. Mvua ilitutenga nao kama pazia. Makamu Mkuu alikuwa ameirudia hotuba yake. Vipaza sauti vilituletea vipande vipande: imara, pamoja, daima. Hakuna profesa aliyesogea, maana Makamu Mkuu hakuwa amesogea, naye hakusogea kwa kuwa kiti cha Waziri kilikuwa bado kitupu.

Kisha vipaza sauti vikanyamaza, na mahali pake tukasikia makofi. Yalianza upande wa mashariki wa ukuta, yakaenea, yakawa makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika nchi ile isiyokuwepo.

Nilitazama ratiba, kwa mazoea ya kazi. Makofi yalikuwa yamepangwa mwishoni mwa hotuba, na hotuba ilikuwa haijafika katikati.